Muuza-Mashine wa Utange

Wauzaji wengi nimewajua kwa migongo yao. Ukishalipa, kinachobaki kuonekana ni mgongo. Huyu nilimjua kwa hodi. Aliniuzia mashine ya kuchezea gemu, mtumba wa Ulaya, nyeusi, ukubwa wa sinia la halua, na tangu siku hiyo hakuacha kuja. Alitoka kwake Utange, akavuka daraja, akapita kisiwani, akafika kwangu Changamwe na suruali iliyopigwa pasi mpaka mkunjo ukasimama wenyewe. Mkononi alikuwa na mkebe wa chakula. Ndani ya mkebe, chini kabisa, mlikuwa na diski ya kompyuta iliyoviringwa kitambaa, na juu ya diski chapati mbili. Chapati hizo zilikuwa za wezi.

"Mwizi akifungua aona chapati," alinieleza. "Afanye nini na chapati? Afunga, anirudishia."

Siku moja hapo Kongowea kijana alimpokonya mkebe, akala chapati zote mbili akiwa amesimama palepale, kisha akautupa mkebe chini na kwenda zake. Diski haikuguswa. Lakini muuza-mashine alikuja kwangu akiwa na huzuni ya kweli, kwa kuwa zile chapati zilipikwa na mkewe.

"Hata hakusema ni nzuri," alisema.

Alipiga hodi mara tatu hata mlango ukiwa wazi na mimi nimeketi namtazama. Akikaribishwa aliketi, akaomba maji, akayanywa yote, ndipo akauliza, "Mashine yaonaje?" kama tuulizavyo hali ya mgonjwa. Mimi alinijulia hali baadaye. Mwanzo nilichukia. Nilipomzoea nikawa namjibu, "Imeamka salama, yakusalimia."

Niseme mapema kwa nini mzee wa umri wangu alinunua kitu kama hicho, maana bila hilo habari za mtu huyu hazitaeleweka. Nilikuwa karani wa kupanga safari za malori katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Miaka mingi niliwatuma watu Malaba na Busia, na mimi mwenyewe sikupata kushika usukani wa hata tuktuk. Mwanangu Swaleh alipomaliza shule alitaka jambo moja tu, kuendesha trela. Nilimwendea bosi kwa siri nikamwomba asimpe kazi. Niliona udereva ni wa watoto wa watu wengine, wangu akae ofisini. Swaleh aliambiwa na madereva wenyewe, kwa sababu madereva hawafichwi kitu. Akaenda Ghuba, kwa Waarabu, akapata trela huko, na simu zangu hakuzipokea. Nilipiga mwaka wa kwanza, nikapiga wa pili, kisha nikaacha. Kosa lilikuwa langu tangu mwanzo, na kuacha kupiga kulikuwa kosa jengine.

Dadake, Mwanaisha, ndiye aliyenambia kwamba jioni, katika chumba anacholala na wenziwe, kakake hucheza gemu ya malori. Alisema katika gemu hiyo mtu aweza kuingia barabara moja na mwenziwe hata kama mmoja yuko Ghuba na mwengine Changamwe. Trela mchana, trela jioni. Sijui ni mapenzi au ni ugonjwa. Nikamwambia Mwanaisha anitafutie muuzaji. Akamleta huyu wa Utange.

"Mjukuu ana umri gani?" muuzaji aliniuliza.

"Si ya mjukuu. Ni yangu."

Alinitazama, akautazama msala wangu uliotundikwa ukutani, akanitazama tena.

"Haya, mzee," alisema. "Basi tutaanza na miwani."

Alikuwa Mgiriama, mtu wa kanisa, mdogo kwangu kwa miaka michache, na katika muda wote niliomjua hakupenda gemu hata moja. Alisema ni ujinga uliopakwa rangi. Ukimuuliza mbona basi aziuza, alijibu kwamba muuza dawa za minyoo si lazima awe na minyoo. Siku moja nilimbembeleza ashike usukani wangu wa plastiki wa kuchezea gemu, angalau aonje. Aliketi wima kama anapigwa picha ya kitambulisho. Alikwenda polepole, akafika penye taa nyekundu, akasimama. Taa ikawa kijani, naye bado amesimama.

"Nenda," nilimwambia.

"Wacha yule apite."

"Hakuna mtu."

"Atakuja," alisema. Alikuwa na jasho mpaka shingoni. Akanirudishia usukani na hakuugusa tena maishani mwake, kwa ninavyojua.

Lakini mtu huyo asiyependa gemu ndiye aliyenifundisha kwamba gemu za siku hizi huuzwa zikiwa hazijaisha. Zamani ulinunua kitu kimekamilika, kikiharibika umeharibikiwa. Sasa wenye kuitengeneza gemu huitoa ikiwa mbichi kidogo, kisha huendelea miaka kutuma marekebisho kwa njia ya intaneti. Hizo ndizo apdeti. Mara wameziba shimo, mara wameongeza daraja, mara wamebadilisha breki. Na watu wawili hawawezi kukutana barabarani ikiwa mmoja ana apdeti ya juzi na mwengine ana ya leo. Kila mmoja atakuwa katika dunia yake, aone lami tupu.

Intaneti ya kwangu ilikuwa ya simu, na apdeti moja ingeimaliza kabla haijafika nusu. Wateja wake wengi walikuwa hivyo hivyo, Likoni, Mtongwe, Kisauni, Magongo. Basi yeye alikwenda kwa mpwawe mwenye duka la kompyuta karibu na Kongowea, akakaa kutwa hapo akizishusha apdeti zote katika diski yake. Kisha akazungusha nyumba kwa nyumba. Safari hiyo aliiita kuteka. "Jumanne siko, naenda kuteka," alinambia, kama watu wa mikokoteni ya maji. Watoto wa mtaani kwangu walimwita Bwana Apdeti, naye alikasirika kila mara, na kila mara aligeuka alipoitwa.

Hakuwa mtu wa saa. Ukimpigia simu husema, "Niko hapa Makupa, nakaribia," nawe wasikia kuku wa nyumbani kwake wakilia. Aliwasema wauzaji wenziwe bila huruma. Kuna mmoja wa mjini ambaye yeye alimwita "yule mzika hai", kwa kuwa aliuza mashine na kubadilisha nambari ya simu. Yeye nambari yake ilikuwa ile ile, imeandikwa kwa rangi nyeupe mgongoni mwa kila mashine aliyoiuza. Niliwahi kumwambia kwamba biashara ya namna hiyo haimfai, kazi ni nyingi kuliko faida. Alinijibu kwa utaratibu, kama amenijibu mara nyingi kichwani mwake.

"Mzee, wewe una binti. Siku ulipomwoza ulimfungia mlango?"

"La."

"Kule akilia, yuamwita nani?"

"Mimi."

"Basi hivyo."

Kinyozi mmoja wa Likoni alikuwa na gemu ya mpira ambayo timu yake ameilea misimu na misimu, amenunua wachezaji, amewauza, amepanda daraja mpaka juu. Siku moja muuza-mashine alipoweka apdeti aligusa pasipo pake, na timu yote ikafutika. Hakumwambia umeme ulikatika, ingawa angeaminiwa, Likoni ni Likoni. Alikiri palepale, akaondoka, akarudi siku ya pili amevuka feri na kuku jike kwapani. Kwao, alinambia, ukimkosea mtu huendi na neno tupu. Kinyozi hakujua acheke au alie. Alimpokea yule kuku akamfuga nyuma ya duka lake, na wateja wake walipouliza timu iko wapi, alinyoosha kidole uani. "Ile pale, imeanza kutaga."

Nilipenda kisa hicho mpaka nikakiona kwa upande wangu. Yeye alimkosea kinyozi jana, akaenda leo. Mimi nilimkosea mwanangu, nikangoja aje yeye.

Jioni ya kwanza nilipoingia barabara ya Swaleh, yeye alikuwepo. Mwanaisha alinipa neno la kuingilia, na mashine iliponitaka niandike jina nitakalojulikana nalo niliandika Karani, maana ndivyo madereva walivyoniita kazini na Swaleh alikua akilisikia. Muuza-mashine alisimama nyuma ya kiti changu. Nilitoka na lori langu kwenye yadi, nikaingia barabara kuu, nikafuata upande wa kushoto kama tuendavyo sisi. Kwa mbali likaja lori la buluu, juu yake maandishi: Swaleh wa Changamwe. Hakuwa ameibadilisha Changamwe. Nililitazama jina hilo badala ya kutazama barabara, na barabara za gemu ile ni za Ulaya, huendeshwa kulia. Tuligongana uso kwa uso. Lori langu lililala ubavu, lake likaingia mtaroni.

"Mzee," alisema yule nyuma yangu, polepole, "umemgonga mtoto."

Pembeni mwa kioo pakatokea maneno mawili. Miwani yangu ilikuwa na ukungu, yeye ndiye aliyenisomea.

"Kulia, Karani."

Ndiyo yalikuwa maneno ya kwanza ya Swaleh kwangu tangu aondoke. Muuza-mashine aliyasoma kwa sauti ile ile aliyosomea namba za mashine, kisha akachukua mkebe wake, akasema ataondoka kabla magari ya Kisauni hayajajaa. Magari ya Kisauni hayakuwa yamejaa, ilikuwa Jumapili.

Baada ya hapo tulikutana jioni nyingi, baada ya magharibi. Hatukuzungumza. Swaleh alitangulia, mimi nikafuata. Akiona mbele kweupe aliwasha taa ya pembeni kunipa njia nipite, kama madereva wetu wafanyavyo wakipanda Mazeras. Kwenye kona mbaya aliandika "Punguza." Tulipofika aliegesha, nami nikaegesha kando yake, naye akazima taa. Mimi niliyekaa miaka nikiwauliza madereva mbona wamechelewa, nilijifunza kutoka kwa mwanangu kwa nini lori lililobeba mzigo huchelewa.

Ili tuweze kuwa pamoja hivyo, ilikuwa lazima mtu ahakikishe mashine yake na yangu ni za apdeti moja. Kwa hiyo muuza-mashine alikuwa akizungumza na Swaleh kwa simu. Alitoka nje barazani kila mara, nami nikamsikia: "Ndiyo, bwana. Isome ile namba ya mwisho. Haya, na huku ni hiyo hiyo." Yeye, mtu baki, alikuwa akiisikia sauti ya mwanangu, na mimi nikiisikia yake tu akiijibu. Siku moja nilishindwa.

"Mwambie nimemuuliza hali."

"Aa, mzee."

"Neno moja tu."

"Mimi nabeba diski," alisema. "Niliwahi kubeba maneno ya ndugu wawili, huko kwetu. Yalipotoka yalikuwa mazuri. Yalipofika sijui yaliharibikia wapi, mpaka leo hawasemezani. Diski ikiharibika napeleka kuku. Neno likiharibika nipeleke nini?"

Nilimwona mkaidi. Nilimwambia pia kwamba Mkristo gani huyu asiyepeleka salamu. Akanywa maji yake, akasema kwamba nina simu, na kwamba ni nzuri kuliko yake. Alikuwa na haki. Lakini mimi nilikuwa naogopa. Nilifikiri nikipiga na asipokee, hata barabara nitaipoteza, naye hataingia tena. Afadhali kidogo nilichonacho.

Jambo lililomkera zaidi kuliko yote lilikuwa nyongeza za kuuzwa. Apdeti hutolewa bure, lakini wenye gemu huwa na vitu vya kando ambavyo hulipiwa mbali. Nguo za wachezaji, rangi za malori, nchi mpya. "Wakuuzia pilau," alisema, "kisha chumvi wakuuzia kando. Na wajua huwezi kula bila chumvi." Hata hivyo chumvi hiyo alikuuzia, na aliifanya kazi yake vizuri.

Kuna nyongeza moja tu aliyoikataa. Gemu nyingine zina visanduku ambavyo mtu hulipia bila kujua mna nini ndani, pengine mchezaji hodari, pengine soksi. Mama mmoja wa Mtongwe alimwomba amnunulie mwanawe visanduku hivyo kwa sikukuu, akakataa. Mama akasema pesa ni zake. Akamwambia, "Mimi nauza kitu, mama. Siuzi huenda." Neno hilo lilienea, hata imamu wetu alilisikia akalipenda, asijue limetoka kwa Mgiriama wa kanisa.

Basi haikupita muda nikamkuta Magongo, ameketi kwenye mkahawa wa chai, anabashiri mechi kwa simu, amekunja uso kama anayefanya hesabu ya shule. Nilimsimamia.

"Hiyo si huenda?" nilimuuliza.

"Hii ni yangu," alinijibu bila kuinua kichwa. "Nimemuuzia mtu?"

Nikaagiza chai.

Kwangu mimi nyongeza ilikuja vibaya. Jioni moja Swaleh alinitangulia kama kawaida. Tukafika mahali barabara inapopanda kuelekea mpakani, naye akapita. Mimi nilipofika nikakuta vizuizi vyekundu na vyeupe vimepangwa katikati ya njia, na lori langu halikwenda. Jina lake lilizidi kuwa dogo mbele, kisha halikuonekana. Nilingoja. Nikarudi siku ya pili, vizuizi vipo. Nilifikiri amenifungia. Niliamini kabisa kwamba kuna kitufe mahali, na mwanangu amekibonyeza kwa sababu amechoka na mimi. Siku hizo zote nilikuwa mtu wa kutosemeshwa. Mwanaisha akampigia simu muuza-mashine bila kuniambia.

Alipofika nilimwambia aichukue mashine yake, sina haja nayo. Akapiga hodi zake zote tatu kana kwamba hakusikia. Akanywa maji. Akaiwasha mashine, akaliendesha lori langu kwa vidole viwili mpaka kwenye vizuizi, akavitazama.

"Mzee, hujafungiwa," alisema.

"Nimefungiwa. Naona."

"Wametoa nchi mpya. Mwanao ameinunua, wewe hujainunua. Asiyeinunua haivuki."

"Yeye alijua?"

"Yuajua vipi? Yeye kwake hakuna kizuizi. Aona barabara tu." Kisha akaongeza, na hili si la mashine, ni lake mwenyewe, "Mwenye kupita haoni palipozibwa."

Nchi ile ilikuwa nzito kuishusha kuliko apdeti zote. Aliifunga mashine yangu katika leso ya marehemu mke wangu, akaibeba mpaka Kongowea kwa mpwawe, na alipoirudisha alikuwa na mkwaruzo mkononi na pasi ya suruali imevunjika. "Safari hii sikuwa na chapati," alisema. Jioni hiyo vizuizi havikuwepo. Ng'ambo ya mpaka, kando ya njia, lori la buluu lilikuwa limeegeshwa, linangoja. Sijui lilingoja jioni ngapi.

Miaka ilikwenda hivyo. Magoti yake yakaanza kumsumbua, hodi zikapungua, lakini hakuacha kuja. Siku hizi sisikii hodi yake. Nasikia amerudi Kaloleni kwenye minazi yake, na mpwawe ameuchukua mzunguko. Mpwa huyo ni kijana mzuri, afika kwa saa, na mashine haijulii hali.

Mara ya mwisho alikuja bila mkebe. Nilishtuka kumwona na mikono mitupu, kama mwanamume aliyesahau kofia. Ilikuwa asubuhi, na yeye hakuja asubuhi hata siku moja. Alipiga hodi. Akaketi, akaomba maji, akayanywa, akaiweka bilauri chini taratibu. Hakuuliza mashine yaonaje. Aliuliza mimi naonaje.

"Alhamdulillahi. Kuna nini?"

"Kwetu habari ya msiba haipigwi simu," alisema. "Mtu huendewa."

Moyo wangu ulikwenda Ghuba. Akaona uso wangu, akanyoosha mkono upesi.

"La, la, mzee. Mwanao mzima. Nimezungumza naye jana. Ni gemu."

Akanieleza. Wenye gemu ile wametangaza kwamba hawataisaidia tena. Hakuna apdeti, hakuna nchi mpya, na mwisho wa mwezi watazima mitambo iliyokuwa ikiwakutanisha watu. Mashine yangu itafanya kazi. Lori litawaka.

"Barabara zote zitabaki," alisema, "ila hutakuta mtu."

Alikuwa akiwazungukia wote aliowauzia gemu ile, kwa miguu yake ile mibovu. Nilikuwa wa nne. Kinyozi wa Likoni pia alikuwa nayo, alisema, na habari ameipokea kiume. Kulikuwa na nyongeza ya mwisho, nchi moja iliyobaki, na wenye gemu walikuwa wameipunguza bei kabla ya kufunga. Nilimwambia aniletee hiyo, angalau wiki zilizosalia tuzitumie vizuri, mimi na Swaleh.

"Siuzi mkeka kwa nyumba inayovunjwa."

"Nataka kununua."

"Najua wataka."

Nje mtu alikuwa akiuza mihogo, akipita akiita. Nilimuuliza kama hakuna njia, yeye ambaye siku zote alikuwa na njia, mpwawe, diski, chochote. Akasema aliuliza, akauliza tena, hakuna. Nilimuuliza Swaleh alisemaje alipoambiwa.

Alinitazama tu, bila ukali, na nikajua hatanijibu hata nikimshika shati. Mkono wangu ulikuwa juu ya simu, juu ya meza. Sikumbuki niliuweka lini.

"Asipopokea?" nilimuuliza.

"Hilo silijui, mzee," alisema. "Hilo silo la mashine." Akainuka kwa shida, akishika kiti, akaenda mlangoni, akainama kuvaa viatu.

Nilipiga. Iliita. Huko walikuwa wamenitangulia saa moja, haikuwa jioni wala wakati wa gemu, huenda alikuwa njiani na mzigo. Iliita mpaka nikaanza kuishusha.

"Naam," akasema.

"Ni mimi."

"Najua. Jina limetokea." Nyuma yake injini kubwa ilikuwa ikinguruma bila kwenda. Alikuwa ameegesha.

Nilikuwa na maneno mengi niliyoyapanga miaka yote hiyo, mazuri, ya kuomba radhi, na hakuna hata moja lililokuja. Nilitaka kusema nilimwendea bosi, kwamba nilikosea, kwamba nimeona kwa macho yangu jinsi anavyoendesha. Kilichotoka kilikuwa swali la karani.

"Leo umebeba nini?"

Injini ikazimwa.

"Mabomba," alisema. "Mabomba ya maji, baba. Yale marefu."

"Ya kwenda wapi?"

Akaanza kuniambia. Mlangoni muuza-mashine alikuwa bado ameinama, anafunga viatu. Siku hiyo alikuwa amevaa ndara, na ndara hazina cha kufungwa, lakini alizifunga muda mrefu, kulia na kushoto, mpaka Swaleh alipofika katika hesabu ya kona za njia ile. Ndipo akanyooka na kuondoka, bila kuaga.